Jinsi ya kutembelea gaushala, makazi ya ng'ombe waliookolewa nchini India

Waswahili wengi tunaokwenda India huenda kwa matibabu, masomo au mzigo wa biashara. Karibu kila safari ina siku mbili tatu za kungoja: majibu ya vipimo yatatoka Jumatatu, kiwanda kimefungwa kwa sikukuu, ndege ni ya Alhamisi. Wengi huzimaliza siku hizo katika maduka ya Karol Bagh mjini Delhi, au hotelini wakibadilisha chaneli za televisheni. Mwongozo huu ni wa yule anayependa kuona jambo ambalo kwetu halipo kabisa: zizi la mamia ya ng'ombe wazee, vipofu, vilema na waliogongwa na magari, wasiouzwa wala kuchinjwa, wanaolishwa hadi siku ya kufa kwao wenyewe.

Zizi hilo huitwa gaushala. Kusini utasikia goshala. Gujarat na Mumbai kuna pia panjrapole, ambazo nyingi zimeanzishwa na Wajaini, watu wa dini inayokataza kudhuru kiumbe chochote, na hupokea wanyama wa kila aina, hata mbuzi na njiwa.

Mtu wa jamii ya wafugaji, awe Msukuma, Mkuria au Mnyankole, atakuwa na swali moja kichwani tangu anaingia: hii ina faida gani? Liweke swali hilo akiba. Utapata nafasi ya kuliuliza, na huko mbele nitakuambia uliulize vipi.

Kwanza, ujue wanatoka wapi

Sensa ya mifugo ya mwaka 2019 ilihesabu India ng'ombe wapatao milioni 192, na takriban milioni 5 walihesabiwa wakizurura bila mwenyewe. Chanzo ni hesabu ya maziwa. Ili ng'ombe akamuliwe lazima azae, na nusu ya ndama ni madume. Zamani dume alikuwa maksai wa kulima na kuvuta mkokoteni. Leo trekta limechukua kazi yake. Naye mama maziwa yakikauka anabaki mdomo wa kulishwa.

Kwetu hapo angekuja mchuuzi wa mnadani. India mambo ni mengine. Kifungu cha 48 cha katiba kinayaelekeza majimbo kuzuia uchinjaji wa ng'ombe na ndama, na majimbo mengi yana sheria kali. Kerala na baadhi ya majimbo ya kaskazini-mashariki ndiyo yasiyozuia. Mkulima mdogo mwenye ekari mbili hawezi kuuza, hana majani ya kutosha, na moyo haumruhusu kumuua. Basi humfungulia kamba usiku na kumwacha aende zake. Kutoka hapo ng'ombe huishi barabarani na jalalani mpaka gari limgonge, plastiki imjae tumboni au watu wa gaushala wamchukue.

Utakapoona nyati wa maziwa, yule mweusi mwenye pembe zilizojikunja, ujue hana hifadhi ya namna hii. Katika majimbo mengi yeye huuzwa na kuchinjwa kihalali, ingawa naye hutoa maziwa mengi sana ya nchi hiyo.

Chagua mahali kulingana na mji uliopo

Ukiwa Delhi, nenda Braj. Hilo ndilo eneo la mungu Krishna, ambaye Wahindu husimulia kwamba alikulia miongoni mwa wachunga ng'ombe, na miji yake ya Mathura, Vrindavan, Govardhan na Barsana ina gaushala nyingi kuliko mtu anavyoweza kuzimaliza kwa wiki. Treni ya Delhi hadi Mathura huchukua kama saa mbili, kisha unapanda bajaji au kukodi gari la siku nzima. Barsana kuna Shri Mataji Gaushala, yenye makumi ya maelfu ya ng'ombe. Ukubwa wake ni wa kushangaza, lakini mgeni wa saa mbili huishia kuona migongo tu. Radhakund, karibu na Govardhan, kuna makazi yaliyoanzishwa na Friederike Irina Bruning, Mjerumani aliyefika India mwaka 1978 akiwa mtalii kijana, akabaki. Yeye hupokea zaidi wagonjwa, vipofu na waliovunjika, na mwaka 2019 serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Shri. Kama una siku moja tu, mimi ningechagua mahali padogo penye wagonjwa kuliko pakubwa penye sifa.

Ukiwa Mumbai huna haja ya kutoka mjini. Katikati ya soko la Bhuleshwar, nyuma ya maduka ya vitambaa na bangili, kuna panjrapole ya mwaka 1834. Historia yake inapendeza: mwaka 1832 serikali ya Waingereza iliamuru mbwa wa mitaani wauawe, watu wakafanya ghasia, na miaka miwili baadaye Jamsetjee Jejeebhoy, tajiri wa Kiparsi, akiwa pamoja na wafanyabiashara wa Kigujarati, akasaidia kuanzisha hifadhi hiyo. Mpaka leo watu wa mtaani hupitia pale asubuhi wakielekea kazini, wakanunua fungu la majani, wakalisha, wakaenda zao.

Udaipur, Rajasthan, kuna Animal Aid Unlimited, iliyoanzishwa 2002. Hiyo ni hospitali ya wanyama wa mitaani, mbwa, punda na ng'ombe pamoja. Kwa anayetaka kuona matibabu ni mahali pazuri. Pathmeda, kusini-magharibi mwa jimbo hilohilo, ni maarufu sana lakini ni mbali na njia ya mgeni wa kawaida. Walioko Chennai kwa matibabu waulizie hekalu lililo karibu: mahekalu mengi makubwa yana goshala ndogo ya ng'ombe waliotolewa nadhiri. Hao huwa wanene na safi, na hutaona mengi ninayoyaeleza hapa.

Chagua majira na saa

Oktoba hadi Machi ndiyo miezi ya kwenda. Mei na Juni joto la kaskazini hufika nyuzi 45, ng'ombe wamelala kivulini wanahema, nawe hutavumilia. Desemba na Januari ukungu huchelewesha treni za Delhi kwa saa nyingi, kwa hiyo usipange kurudi siku ileile ya ndege.

Mvua za Julai hadi Septemba ni mtihani wa gaushala yoyote. Mwezi Agosti 2016, katika kituo cha Hingonia karibu na Jaipur, ambacho wakati huo kilikuwa chini ya manispaa, ng'ombe kwa mamia walikufa. Wafanyakazi walikuwa wamegoma, matope yalikuwa yamejaa, na wanyama dhaifu walizama humo wakashindwa kuinuka. Ukienda msimu wa mvua, kitu cha kwanza kutazama ni sakafu.

Kwa siku yenyewe, saa moja hadi saa nne asubuhi ni bora: majani yanagawiwa, vidonda vinasafishwa, kila mtu yuko kazini. Jioni kuanzia saa kumi pia panafaa. Mchana watu wamelala na mageti mengi hufungwa.

Kuna siku ya Gopashtami, kama wiki moja baada ya Diwali, ambapo ng'ombe huogeshwa, hupakwa rangi na kuvishwa mashada na kengele. Kwa picha ni siku nzuri sana, ila kwa kuelewa kazi ya mahali penyewe ni siku mbaya, maana umati unajaa na wagonjwa wanafungiwa nyuma. Barsana wakati wa Holi, Februari au Machi, usiende kabisa kama nia yako ni ng'ombe. Mji mzima huwa vurugu ya rangi na fimbo.

Piga simu siku moja kabla

Gaushala nyingi haziuzi tiketi na milango iko wazi. Hata hivyo simu ya jana yake inakufungulia mengi, hasa wodi ya wagonjwa. Mwombe mfanyakazi wa hotelini akupigie kwa Kihindi. Aseme wewe ni mgeni kutoka Afrika, unataka kuona na kulisha, huna kamera kubwa. Basi.

Nguo na mkoba

Mabega na magoti yafunikwe, mwanamke abebe mtandio au kanga. Kanga hapa inafaa kwa kila kitu, kuanzia kujifunika hadi kujikinga vumbi la pumba. Vaa viatu vya plastiki au raba za kuoshwa kwa maji. Mkanda, pochi na viatu vya ngozi viache hotelini. Sehemu nyingi hazitakukagua, lakini hebu fikiria umesimama kumbembeleza ng'ombe mzee huku umejifunga ngozi ya mwenzake kiunoni.

Usibebe chakula chenye nyama au mayai, hata sambusa ya jana kwenye begi. Beba noti ndogondogo za rupia: wenyeji hulipa kwa simu kwa kupiga picha msimbo, na mgeni asiye na akaunti ya benki ya huko mara nyingi hukwama. Beba maji ya kunywa na sabuni.

Vrindavan, vua miwani. Nyani wa pale huikwapua usoni ukiwa unatembea, kisha hukaa juu ya ukuta wakingoja ununue kijuisi cha embe umrushie ndipo akuachie. Wenyeji wameshazoea biashara hiyo, na kuna vijana wanaojipatia riziki kwa kuwa wapatanishi.

Ukifika: salamu, ibada na yasiyosemwa

Braj watu husalimiana "Radhe Radhe". Gujarat ni "Jai Shri Krishna", na namaste ya mikono miwili hukubalika kila mahali. Mwanamume wa rika lako mwite bhaiya, mwanamke didi, mama mzee mataji, mzee babaji. Ukimwita mkuu wa zizi kwa jina lake kavu, utaonekana umekosa adabu.

Wasomaji Waislamu na Wakristo mara nyingi huuliza kama watalazimishwa kuabudu. Hapana. Ukikuta wanazungusha taa mbele ya ng'ombe na kuimba, vua viatu kama wengine wamevua, simama pembeni, nyamaza. Mtu akitaka kukupaka rangi kwenye paji la uso nawe hutaki, kunja mikono kifuani na utikise kichwa taratibu ukitabasamu; hatakasirika. Kitafunio cha baraka kipokee kwa mkono wa kulia, hata kama hutakila hapohapo. Huenda pia ukaletewa kikombe cha mkojo wa ng'ombe, ambao kwao ni dawa na kitu cha utakaso. Kataa kwa upole uleule. Maziwa mabichi nayo yakatae, safari hii kwa sababu ya afya: kifua kikuu cha ng'ombe na ugonjwa wa kutupa mimba huambukiza binadamu kupitia maziwa yasiyochemshwa. Chai iliyochemka mbele ya macho yako, kunywa.

Utani wa nyama choma uache uwanja wa ndege. Nasema hivi kwa uzito. Jimbo la Uttar Pradesh, ambamo Braj imo, lina sheria ya kuzuia uchinjaji ng'ombe tangu 1955, na marekebisho ya 2020 yalipandisha kifungo hadi miaka 10. Zaidi ya sheria, yako makundi yanayojiita walinzi wa ng'ombe, ambayo yamewahi kuwapiga watu na hata kuwaua kwa tuhuma tu, wengi wao Waislamu na watu wa matabaka ya chini. Mgeni anayetembelea gaushala hana sababu ya kuogopa, lakini hapo si mahali pa kubishana nani anakula nini.

Kulisha

Hapa ndipo wageni wengi huharibu kwa nia njema. Tumbo kubwa la ng'ombe linaendeshwa na vijidudu vilivyozoea majani. Ukimshindilia chapati, wali, unga au matunda matamu, vijidudu hivyo huchachusha haraka, tumbo hujaa asidi na gesi, na mnyama mzee anaweza kufa usiku huohuo. Kila sikukuu ya Makar Sankranti, tarehe 14 Januari, watu wa Gujarat na Maharashtra hutoka kwa wingi kulisha ng'ombe kwa thawabu, na madaktari wa mifugo hupata kazi ya ziada.

Kwa hiyo, nunua majani mabichi kwa muuzaji wa getini. Sukari guru iwe kipande kidogo cha kuonja, si bonge. Ndizi moja mbili sawa, pamoja na maganda yake. Usichume mtama mchanga kando ya barabara. Uliodumaa kwa ukame huwa na sianidi. Kabla ya kutoa chochote uliza: "Chara khila sakta hoon?" Mwanamke atasema "sakti hoon". Ni kusema, naweza kulisha? Mfanyakazi atakuonyesha nani ale na nani asile.

Mfuate ng'ombe kwa ubavu au kwa mbele akuone, usimtokee nyuma. Mama mwenye ndama mpishe. Lisha kwa kiganja kilichonyooka, au afadhali tia kwenye hori. Na usiishie mwanzo wa hori: wenye nguvu wamejaa pale, wanyonge wamesukumwa mwishoni. Tembea hadi huko mwisho.

Ukishamaliza, simama uwatazame. Gir ni yule mwenye paji la uso lililobinuka na masikio marefu yaliyokunjwa kama jani; Tharparkar ni mweupe wa jangwani; Sahiwal ni mwekundu wa hudhurungi mwenye ngozi nyingi inayoning'inia shingoni. Huyu wa mwisho pengine umeshamwona nyumbani. Sahiwal waliletwa Kenya kuanzia 1939, na kundi lao la serikali liko Naivasha. Wafugaji wa Narok na Kajiado wamewachanganya na ng'ombe wao miaka mingi. Hata ng'ombe wa Mpwapwa aliyetengenezwa Tanzania ana damu ya Sahiwal na ya Red Sindhi. Unayemlisha hapo ni jamaa wa mbali wa ng'ombe wa kwenu.

Omba kuona wodi ya wagonjwa

Hii ndiyo hatua iliyonifanya niandike mwongozo huu, na ndiyo wageni wengi huiruka. Getini kila gaushala ina ndama mmoja mzuri aliyevishwa shada. Ukitaka kujua mahali, nenda nyuma: wodi na ghala la majani.

Kwenye ghala tazama marobota ya mabua ya ngano, pumba, mashudu. Kumejaa, au kumebaki sakafu? Je, mashine ya kukatia majani inafanya kazi, au ina kutu na kuku wanalala juu yake? Ghala tupu mwezi wa Machi, kabla ya mavuno ya ngano ya Aprili, linaeleweka. Ghala tupu mwezi wa Mei halina maelezo.

Wodini utakuta waliolala. Ng'ombe mzito akilala upande mmoja siku nzima, nyama ya upande ule hufa kwa uzito wake mwenyewe, kwa hiyo wafanyakazi humgeuza mara kadhaa kwa siku, watu wanne watano, wawili wakishika miguu, mmoja kichwa, kisha wanamsokomezea magunia ya mabua pembeni asirudi. Kunguru hufuata vidonda na macho ya asiyeweza kuinuka. Mahali pazuri hufunga wavu au humweka mtu na fimbo. Utaona miguu iliyofungwa vipande vya mianzi, vidonda vilivyopakwa manjano, na dawa ya zambarau ile ile wanayotumia madaktari wetu wa mifugo. Harufu ni kali. Funika pua kwa mtandio bila kukunja uso, maana wanaofanya kazi ile wanakutazama.

Ukibahatika kukuta upasuaji wa kutoa plastiki tumboni, na kama tumbo lako linahimili, omba kusimama pembeni. Ng'ombe huwa amesimama, amefungwa kwenye mhimili, amenyolewa ubavu wa kushoto na kuchomwa sindano ya ganzi. Daktari hupasua ngozi, kisha tumbo lenyewe, akaingiza mkono hadi begani. Kinachotoka ni mifuko iliyosokotana na kugandamana kuwa kitu kimoja, makumi ya kilo, na ndani yake misumari, sarafu, nyaya, kamba za viroba. Watu hutupa mabaki ya chakula yakiwa yamefungwa fundo ndani ya mfuko. Ng'ombe hawezi kufungua fundo, humeza vyote. Plastiki haitoki nyuma. Hukaa na kuongezeka, mpaka mnyama mwenye tumbo lililojaa anakonda kwa njaa. India ilipiga marufuku aina kadhaa za plastiki za kutumika mara moja Julai 2022, lakini jalala lolote la mjini litakuonyesha kazi iliyobaki. Wachinjaji wa Nairobi nao walikuwa wakikuta mifuko hiyo matumboni kabla ya Kenya kuipiga marufuku mwaka 2017, kwa hiyo jambo hili si geni kwetu.

Usimpige picha mgonjwa bila ruhusa. Na kujipiga selfi na ng'ombe anayekata roho, kwa kweli, usifanye.

Pima mahali kwa macho ya mfugaji

Ng'ombe wazee watakuwa wamekonda, hilo lisikutishe. Tazama vijana. Kama mitamba na madume wa miaka mitatu nao wana mbavu za kuhesabika, chakula hakitoshi. Tazama kwato: ndefu zilizojipinda maana yake hakuna anayezikata. Maji ya birika yana ukungu wa kijani? Kamba za shingoni ni fupi kiasi kwamba mnyama hawezi kujilamba? Wagonjwa wapya wametengwa? Mwaka 2022 ugonjwa wa mapele ngozi uliua ng'ombe wengi Rajasthan na Gujarat, na waliochanganya wagonjwa na wazima walipata hasara kubwa zaidi.

Kisha uliza, kwa sauti ya mtu anayejifunza. Mnazalisha? Maziwa yanakwenda wapi? Madume mnawatenga? Daktari anakaa hapa au anaitwa? Kuna gaushala ambazo kwa hakika ni mashamba ya maziwa yenye jina takatifu: wana majike wanaokamuliwa wengi, na madume wazima hawaonekani popote. Panapohifadhiwa ng'ombe kwa kweli, madume ni wengi na hawana kazi yoyote.

Sasa lile swali la faida. Liulize hivi: mnalipaje gharama? Utaambiwa habari ya wafadhili wa kila mwezi, ruzuku ya jimbo, ardhi iliyotolewa na ukoo fulani tangu zamani, mitambo ya gesi ya samadi, mbolea ya minyoo, vigae vya mavi vilivyokaushwa vya kuwashia moto, udi, hata magogo ya mavi yaliyobanwa kwa mashine kwa ajili ya kuchomea maiti badala ya kuni. Wengine watakujibu kwamba ng'ombe ni mama, na mama haulizwi faida. Wote wawili wanasema kweli wanayoishi nayo. Mimi jibu la kwanza hunifundisha zaidi.

Kutoa mchango

Njia rahisi na salama ni majani. Nunua mzigo wa bajaji au kirikuu, uone unashushwa. Fedha ni habari nyingine: India ina sheria ya michango ya kigeni ya mwaka 2010, na mchango wa raia wa kigeni huhesabiwa wa kigeni hata ukitolewa kwa rupia. Taasisi lazima iwe imesajiliwa chini ya sheria hiyo, na tangu marekebisho ya 2020 fedha hizo hupokelewa kupitia akaunti maalumu katika tawi kuu la State Bank of India mjini New Delhi. Uliza kama wana usajili huo, na udai risiti. Anayekuhimiza uweke noti kwenye kiganja chake, hasa yule aliyekufuata kutoka stesheni, hakuhusu.

Ukitaka kufanya kazi ya kujitolea, viza ya utalii ya mtandaoni inaruhusu kazi fupi isiyo na malipo kwa muda usiozidi mwezi mmoja. Andaa mgongo. Siku ya kwanza utapewa koleo.

Kutoka, na kurudi nyumbani

Nawa mikono hadi viwiko kabla ya kugusa simu au chakula. Ukiumwa na mbwa au kuparuzwa na nyani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukachomwe chanjo ya kichaa cha mbwa. Usingoje kurudi Dar au Mombasa. Kadi ya homa ya manjano iwe nawe tangu unaondoka nyumbani: India huwadai wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, zikiwemo Kenya, Uganda na Kongo, na chanjo huhesabika kuanzia siku ya kumi baada ya sindano.

Kama nyumbani mna ng'ombe, viatu ulivyovaa visafishwe kabla ya kufunga mizigo: kwangua tope lote la nyayo, osha kwa sabuni, loweka kwenye maji ya dawa ya kuua vijidudu, anika juani. Nguo zifuliwe kwa maji ya moto. Ugonjwa wa miguu na midomo upo India kwa aina ambazo si lazima ziwe zile za kwetu, na unasafiri kwa matope. Ukifika, kaa siku kadhaa bila kuingia zizini. Mwachie ndugu mwingine akamue.